Sombe, bugali na mafuta ya ngazi: historia ya chungu cha jamaa ya Kampene

Utangulizi

Tukiulizwa habari za mapokeo yetu sisi watu wa Kampene, mara moja tunaanza kutaja bwami, ngoma, sanamu za pembe na hadithi za wazee. Ni vizuri, maana mambo hayo ni heshima yetu. Lakini kuna urithi mwingine ambao tunauona kila jioni na hatuuhesabu kuwa urithi: chungu cha mama jikoni. Kijana aliyesoma anaweza kukueleza vita vya Waarabu na siku ya uhuru, lakini umuulize bugali anayokula ilianza lini kwetu, atacheka na kusema, "Si iko ya siku zote?"

Hapana, haiko ya siku zote. Chakula cha kila siku cha jamaa ya Kampene, kile cha bei ndogo ambacho hata asiye na mshahara anakipata, kimejengwa tabaka juu ya tabaka kwa muda mrefu. Tabaka moja lilitoka porini, lingine lilivuka bahari, lingine lilikuja pamoja na bunduki, lingine lililetwa na kampuni ya madini. Wamama zetu walipokea kila tabaka, wakalijaribu, wakalirekebisha, wakapika. Katika kurasa hizi tutafuata historia hiyo hatua kwa hatua, halafu tutasema ni nini kilicho hatarini leo. Maana kuna kitu kilicho hatarini, nacho si utamu wa chakula tu, ni miguu ya watoto wetu.

1. Chungu cha wazee: ndizi na vitu vya pori

Warega wa teritwari ya Pangi ni watu wa msitu. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyefanya utafiti kwetu katika miaka ya 1950 na ambaye kitabu chake Lega Culture kilitoka mwaka 1973, alieleza maisha ya wazee yakisimama juu ya miguu miwili: shamba la ndizi na uwindaji. Ndizi zenyewe ni zile kubwa za kupika, si zile za kula mbivu. Mwanaume alikata miti, mwanamke akapanda na kutunza. Ndizi zilichemshwa au kuchomwa katika majivu, na nyingine zilipondwa katika kinu mpaka zikawa donge la kumegwa kwa mkono. Kwa hiyo desturi ya kumega na kuchovya katika mboga ilikuwako kwetu kabla ya unga wa muhogo.

Mboga ya wazee ilitoka kila upande. Wanaume walileta nyama kwa nyavu, mbwa na mitego. Wanawake na watoto walileta mengine yote, na hayo ndiyo yaliyokuwa ya kila siku: samaki wadogo na kaa wa vijito, uyoga wakati wa mvua, kumbikumbi, viwavi vya miti, majani ya pori, mafuta ya ngazi. Nyama ilikuwa chakula cha kusifiwa, lakini siku ambazo wawindaji walirudi mikono mitupu, na siku hizo zilikuwa nyingi, jamaa ilikula kazi ya mama. Tusisahau jambo hili, litatusaidia mbele.

Chumvi ilikuwa kitu cha thamani. Watu wengi wa msitu wa Kongo waliipata kwa kuchoma mimea fulani ya majini, kuchuja majivu yake kwa maji, na kuchemsha maji yale mpaka yabaki magadi ya chumvi. Kazi ya siku nzima kwa kitu cha kujaza kiganja. Ndiyo sababu mtu aliyempa mwenzake chumvi alikuwa amempa kitu.

Kula kulikuwa na sheria. Katika sherehe za bwami vyakula vingi vilikusanywa na ndugu wa yule anayepanda daraja, kisha vikagawanywa kwa utaratibu, kila mmoja kwa cheo chake. Kakakuona, ambaye wazee walisema ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba kwa majani, hakuwindwa. Akipatikana amekufa, nyama yake iligawanywa kwa desturi maalumu, na kuivunja desturi ile ilikuwa kosa kubwa. Somo la wazee ni wazi: chakula ni njia ya kuwaweka watu pamoja, na mgawanyo mbaya unavunja ukoo.

2. Muhogo na mchele: wageni waliogeuka wenyeji

Muhogo si mti wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta pwani ya magharibi kuanzia karne ya 16, na kutoka huko uliingia ndani ya bara kidogo kidogo, kutoka shamba hadi shamba, bila mzungu kuushika mkono. David Livingstone alipofika Nyangwe, kwenye mto Lualaba, mwezi wa 3 mwaka 1871, aliukuta tayari sokoni. Aliandika kwa mshangao juu ya soko lile: wanawake kwa mamia na mamia, wamevuka mto kwa mitumbwi, wakiuza muhogo, samaki, mafuta ya ngazi, chumvi, pilipili, kuku na vyungu. Alipenda kuwaona wakibishana bei na kucheka.

Tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka ule ule, watu wa wafanyabiashara ya pembe na watumwa walifyatua bunduki katikati ya soko hilo. Mamia ya watu walikufa, wengi wao wanawake, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama katika Lualaba. Mtu anayetaka kuandika historia ya chakula cha Maniema hawezi kupita hapo bila kusimama. Wale waliokufa walikuwa wamama waliokwenda kutafuta chumvi na samaki wa watoto wao, kama wamama wa soko la Kampene wanavyofanya leo.

Mchele nao ulikuja kwa njia hiyo ya biashara, kutoka pwani ya mashariki, pamoja na Waswahili na Waarabu waliojenga Kasongo na Nyangwe. Wakati wa Tippu Tip, ambaye jina lake kamili lilikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Kasongo ilizungukwa na mashamba makubwa. Daktari Sidney Hinde, Mwingereza aliyekuwa pamoja na jeshi la Leopold wa Pili katika vita vya 1892 hadi 1894, aliandika kwamba aliweza kupita saa nzima na nusu ndani ya shamba moja tu la mpunga. Ni mashamba ya ajabu, ndiyo. Lakini jembe lilishikwa na watumwa. Basi sahani ya mchele ya Maniema ina utamu ndani yake, na ina machozi pia.

Waswahili walituachia na mambo mengine ya jikoni: pilau ya sikukuu, maandazi, sambusa, na lugha yenyewe tunayotumia kuomba chakula. Kwetu mpaka leo mtu hasemi amekula "wali". Anasema, "Nimekula mchele," punje mbichi na chakula kilichoiva vina jina moja. Lakini kwa Warega wa ndani, karibu na Kampene, mchele haukuwa bado chakula cha kila nyumba. Uliingia kwa nguvu baadaye, kwa mkono wa Leta.

3. Mchele wa lazima na posho ya kampuni

Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilitoa sheria ya kilimo cha lazima. Kila mwanakijiji alidaiwa kulima kile alichoamriwa, mpaka siku 60 kwa mwaka. Sehemu nyingine ilikuwa pamba. Sehemu za Maniema zilizozunguka migodi zililima mpunga na kutengeneza mafuta ya ngazi, kwa sababu wachimbaji walipaswa kula. Aliyeshindwa alipigwa faini au kutiwa gerezani. Reli ya Kindu mpaka Kongolo, iliyomalizika kufikia mwaka 1911, ilikuwa imefungua njia ya bidhaa, na Kindu ikawa mlango wetu.

Kisha ikaja mali ya udongo. Symétain, kampuni ya kasiteriti, iliundwa mwaka 1932 na kuweka makao yake Kalima, katika teritwari yetu hii ya Pangi. Kampene nayo ilikua kwa kasiteriti na dhahabu. Makambi yalijengwa, nyumba zimepangwa mistari, na pamoja na mshahara mfanyakazi alipokea posho: mchele au unga, maharagi au karanga, samaki mkavu, chumvi, mafuta ya ngazi. Vita vya pili vya dunia vilipofika na Wajapani wakateka Malaya mwaka 1942, kasiteriti ya Kongo ilitafutwa sana, na siku za kazi za lazima vijijini zikapandishwa mpaka 120 kwa mwaka. Kwa hiyo mwanamke wa kijijini alilima mpunga ambao mumewe hakula, ili mume wa mwenzake kambini aule, ili bati la kopo la nyama lipatikane Ulaya.

Posho ilibadili chungu chetu kwa namna tatu. Kwanza, ilileta saa. Mchimbaji anayeamka alfajiri hawezi kungoja ndizi za kutwanga, anataka kitu cha kupikwa upesi na kushibisha mpaka jioni, na hapo mchele na bugali vilishinda. Pili, ilileta samaki wa mbali, makayabo na ndakala, ambao kipande chao kimoja kinatia ladha katika chungu kizima. Tatu, na hili ni zito, ilileta fikira kwamba chakula cha heshima ni kile kinachonunuliwa kantini, na kwamba majani ya nyuma ya nyumba ni chakula cha maskini. Katika miji ya wakati ule kulikuwa na foyer za jamii ambako wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, usafi na mapishi ya kizungu. Mengi yalifaa. Lakini sijui kama kuna yeyote aliyewaambia wale wamama kwamba sombe yao ilikuwa chakula bora kuliko mkate mweupe.

Wazee waliopata kuishi kambini walikuwa wakisema, "Wakati wa kampuni tulikula." Ni kweli, walikula. Lakini tuwaulize pia: walikula cha nani, na kwa siku ngapi baada ya kampuni kwenda?

4. Siku kampuni ilipoanguka, na siku za vita

Mwaka 1976 makampuni ya kasiteriti ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa Sominki. Kwa muda mambo yalienda. Halafu tarehe 24 mwezi wa 10 mwaka 1985, huko London, soko la bati lilifungwa kwa sababu shirika la kimataifa lililokuwa likishikilia bei lilikosa fedha. Bei ikaanguka vibaya sana. Mtu wa Kampene hakuijua London, lakini London iliingia katika sufuria yake. Kantini ikawa tupu, posho ikapungua, mshahara ukachelewa, na mwaka 1997 Sominki ikafungwa kabisa. Wengi walikuwa wameshageukia kuchimba kwa mikono, jambo ambalo serikali ya Zaire ilikuwa imeliruhusu kwa dhahabu tangu mwaka 1982.

Ni nani aliyelisha Kampene katika miaka hiyo? Ni mama mwenye kipande cha shamba. Muhogo hauna majira makali. Unakaa ardhini mwaka mmoja na zaidi ukingoja, kama benki isiyofunga mlango, na wakati mizizi inangoja, majani yanaliwa. Kila lupango lilipandwa muhogo, matembele, lengalenga, miti miwili mitatu ya ndizi. Mchele, ambao ulikuwa chakula cha posho, ulirudi kuwa chakula cha Jumapili au cha mgeni kwa wale wasiolima mpunga wenyewe.

Vita vya 1996 na 1997, na vile vilivyoanza tarehe 2 mwezi wa 8 mwaka 1998, viliharibu hata hiyo benki. Watu walikimbilia porini. Shamba likivunwa na mwenye bunduki, mwenye shamba halimi tena. Njia zilifungwa. Mwaka 2002 Kindu yenyewe ilizungukwa, ikawa inaishi kwa ndege. Chumvi ikawa adimu kama zamani za mababu, na bibi waliokumbuka namna ya kuchuja majivu wakawa walimu tena. Wengine walikula bila chumvi miezi na miezi. Wazee husema mwenye njaa hana miiko. Tuliona ukweli wake: muhogo uling'olewa kabla haujakomaa na kuliwa kabla haujalowekwa vya kutosha. Kuhusu jambo hili tutasema zaidi.

Tangu amani ya 2003 soko limerudi. Wasukuma baiskeli na wenye pikipiki wanaleta chumvi, sabuni na samaki mkavu kutoka Kindu na Bukavu kwa njia za matope, na kila kilometa ya tope inaongezwa juu ya bei. Vijana wamejaa katika machimbo. Siku dhahabu ikitoka, nyumba inakula mchele, nyama na soda. Siku isipotoka, deni. Na shamba liko porini, limeota majani.

5. Hesabu ya mama: bugali na sombe

Sasa tuangalie chungu chenyewe, maana watu wengi wanakula bila kujua ni akili ngapi zimo ndani.

Bugali kwanza. Muhogo wetu mwingi ni mchungu, una sumu ambayo wataalamu wanaiita sianidi. Wamama wanamenya mizizi, wanailoweka katika kijito au pipa siku tatu au nne mpaka ilainike na kuachana na nyuzi, wanaivunja, wanaianika juani, wanatwanga, wanachekecha. Hakuna maabara iliyowafundisha. Waliona kwamba aliyeharakisha aliumwa, na aliyengoja alishiba. Unga ule unasongwa katika maji yanayotokota, na wengine wanachanganya na unga wa mahindi au ndizi iliyochemshwa, hasa mavuno ya muhogo yakipungua.

Halafu sombe. Majani machanga ya muhogo yanachumwa, yanababuliwa kidogo kwa moto au maji ya moto, yanatwangwa mpaka yawe laini kabisa. Yanatiwa katika maji na kuchemshwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi, ili ile sumu itoke pamoja na mvuke. Baada ya hapo ndipo vinaingia kitunguu kama kipo, nyanya chungu, pilipili, ngumi moja ya karanga zilizotwangwa, na kikombe cha mafuta ya ngazi. Mwisho ndakala wachache au kipande cha makayabo kilichochambuliwa, si kwa kumpa kila mtu kipande, bali kwa kueneza ladha. Chumvi inaingia mwishoni. Jamaa ya watu wanane inakula, na kilichonunuliwa kwa franka ni chumvi na samaki tu. Mengine yametoka nyuma ya nyumba au kwa jirani.

Hesabu hiyo inashinda hesabu ya mchele mtupu. Muhogo mbichi wa gramu 100 hauna hata gramu 2 za protini. Unajaza tumbo lakini haujengi mwili. Majani yake ndiyo yenye protini, mara kadhaa kuliko mizizi. Karanga na samaki vinaongeza. Rangi nyekundu ya mafuta ya ngazi ni vitamini A ya macho ya watoto, mradi mama asiyachome mpaka yageuke meupe, maana hapo anabakiwa na mafuta tu. Kwa hiyo ndani ya chungu kimoja mna shibe, mwili na macho. Mzungu wa foyer angeita hiyo lishe kamili. Mama wa Kampene anaiita "chakula".

Siku nyingine zamu inabadilika: ndizi za kuchemsha na lengalenga, matembele na mchele, maharagi yaliyolowekwa usiku kucha ili yasile makala mengi, uyoga wakati wa mvua. Kubadilisha si anasa, ni dawa. Haba na haba hujaza kibaba, na kijani na kijani hujaza damu.

6. La kutunza na la kubadili

Mapokeo si jiwe. Kuna la kutunza kwa nguvu zote na kuna la kuacha.

La kutunza kabisa ni siku za kuloweka muhogo. Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza ugonjwa aliouona kwa watu wa Kwango, upande wa magharibi wa inchi yetu. Wayaka wanauita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na hairudi tena. Unawashika hasa watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Unatokea pale watu wanapokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, wiki baada ya wiki, bila maharagi, samaki wala nyama ya kuusaidia mwili kupambana na sumu. Usidhani ni mambo ya mbali. Mwaka 2011 waganga waliandika juu ya konzo iliyotokea Burhinyi, Kivu Kusini, kwa majirani zetu, katika eneo lililochoshwa na vita.

Sasa angalia sokoni kwetu. Kosa la kupunguza siku linatoka wapi? Linatoka katika haraka ya pesa. Wachimbaji wanataka unga leo, bei iko juu, na muuzaji anaona siku nne ni hasara, anatoa muhogo siku ya pili. Unga unaonekana mweupe, hakuna anayejua. Mnunuzi hawezi kuona sumu kwa macho. Basi binti akimuuliza bibi, "Kwa nini tungoje siku tatu?" jibu si "ndiyo desturi". Jibu ni, "Ndiyo miguu yako, mjukuu wangu."

Na kwa yule anayenunua unga asiojua ulikotoka, kuna njia moja rahisi isiyo na gharama, iliyotafutwa na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, na kutumiwa na wamama wa Kwango tangu mwaka 2010 hivi. Lowanisha unga kwa maji, utandaze mwembamba juu ya mkeka au sinia, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha upike bugali siku hiyo hiyo. Sumu iliyobaki inatoka hewani. Haiondoi kazi ya kuloweka, lakini inaongeza ulinzi. Hii ni elimu ya kigeni inayopanda vizuri juu ya elimu ya bibi, kama muhogo wenyewe ulivyopanda juu ya shamba la ndizi.

La pili la kutunza ni lupango lenye majani. Kampuni zilikuja na kwenda, na dhahabu nayo ina siku zake. Jamaa iliyo na muhogo, ndizi na mchikichi haijawahi kuwa tajiri, lakini mwaka 1985 haikufa, na mwaka 1997 haikufa. Wababa wanaokwenda machimboni wasiachie wamama peke yao kufyeka. Kukata miti kulikuwa kazi ya mwanaume tangu zamani, na hakuna mzee aliyeifuta desturi hiyo.

La kubadili ni mgawanyo wa sahani. Wazee waligawanya kwa cheo, na walikuwa na sababu zao: mwindaji apate nguvu, mkubwa aheshimiwe. Katika nyumba nyingi mpaka leo samaki wote wanakwenda katika sahani ya baba na wageni, mama na watoto wanabaki na mchuzi. Kulikuwa na miiko pia iliyowanyima wanawake baadhi ya nyama, na mara nyingi watoto mayai. Lakini mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa ndiye anayehitaji samaki kuliko sisi sote. Akila bugali mtupu, anavimba miguu na uso, nywele zinageuka rangi. Wenzetu wa Bukavu wanauita ugonjwa huo bwaki. Jirani anasema amerogwa, kumbe amenyimwa ndakala. Kama mgawanyo mbaya ulivunja ukoo zamani, leo unavunja ukoo kwa kuuondolea watoto.

La mwisho la kubadili ni aibu. Mgeni akifika, tunakopa ili tumpikie mchele na kuku, na watoto wanafundishwa kwamba sombe ni chakula cha siku tusizo nacho. Hakuna ubaya kumheshimu mgeni. Ubaya ni kumfanya mtoto aone aibu ya kitu kilichomkuza. Kwenye arusi za Kinshasa na hata kwa Wakongo walioko Ubelgiji na Ufaransa, majani ya muhogo, ambayo wao wanayaita pondu au saka-saka, yanawekwa mezani kwa fahari, tena kwa bei kubwa. Sisi tunayachuma bure.

Mwisho

Tumefuata chungu kutoka ndizi za wazee mpaka sokoni Nyangwe, kutoka mashamba ya Kasongo mpaka kantini ya kampuni, kutoka London mpaka porini wakati wa vita. Katika safari yote hiyo wakubwa wa nyakati walibadilika, Mwarabu, Leopold, Leta, kampuni, mwenye bunduki, na kila mmoja alitaka kuamua watu wale nini. Lakini aliyekuwa na ujuzi wa kuwaweka watu hai ni yule aliyejua muhogo unalowekwa siku ngapi, majani yanachemshwa mpaka lini, na kikombe kimoja cha mafuta kinatosha watu wangapi. Ujuzi huo haujaandikwa katika buku lolote la teritwari. Umekaa katika vichwa vya bibi zetu, na wao wanakwenda mmoja mmoja.

Kwa hiyo tunaomba walimu wa shule zetu, makanisa, misikiti na vikundi vya wamama wafanye jambo moja jepesi: wawaite bibi hawa, wawaulize, waandike. Majina ya majani, majira ya uyoga na viwavi, namna ya chumvi ya majivu, siku za kuloweka kwa kila aina ya muhogo. Karatasi na kalamu vinatosha. Na vijana wa kiume wakae hapo pia, wasikilize, maana njaa haiulizi kama aliye jikoni ni mwanamke au mwanaume.